Mabango ya maigizo ya kuchora kwa mkono: ubao umepinda, rangi inabanduka, herufi zimeachana

Pembezoni_Kirumba

Wakuu, habari za mchana.

Rafiki yangu anaongoza kundi la maigizo ya jukwaani hapa Mwanza, na mabango yote nayachora mimi. Mchezo ujao unahusu maisha ya mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na neno kubwa juu ya bango ni WAVUVI. Tumekubaliana tusichapishe kwenye plastiki. Tunataka bango la brashi, ambalo mpita njia akilitazama anaona kuna mkono wa mtu pale. Zimebaki wiki tatu.

Yanahitajika mabango 8 yanayofanana ya kukaa nje, kila moja futi 2 kwa 4 (sentimita 61 kwa 122, yamesimama wima), pamoja na moja kubwa la mlangoni siku ya onyesho. Bango la majaribio limeharibika hivi:

Hadibodi imepinda kama upinde. Manjano ya rangi ya maji niliyorekebishia juu ya herufi nyeusi za glosi inatoka kwa ukucha. Mistari niliyochora kwa maka peni imeibuka juu ya nyeupe hata baada ya kupaka mikono miwili ya rangi. Na neno lenyewe linasomeka W A VUVI, wakati nafasi nilipima kwa rula, sentimita 2 kila mahali, herufi zikiwa na urefu wa sentimita 14. Hata hivyo neno limezidi upana, limegusa karibu kingo zote mbili.

Tena, mabango 8 yanayofanana mnayatoaje bila kuchora picha ileile mara nane?

Fundi_Herufi

Karibu sana mkuu. Nianze na ubao.

Hadibodi ni nyuzi za mti zilizoshindiliwa. Ukipaka uso mmoja tu, huo umezibwa, wa nyuma unaendelea kunywa unyevu wa hewa ya ziwani na kutanuka. Upande mmoja unakua, mwingine umekaa, ubao lazima upinde. Kwa hiyo paka pande zote mbili ndani ya siku moja, na kingo uzipake mara mbili, maana kingo ndizo zinazokunywa maji kuliko mahali pengine popote. Bango la hadibodi lililokufa mvuani utaliona limeanza kuvimba pembeni, halijaanzia katikati. Kisha nyuma piga fremu ya mbao za nchi 1 kwa 2, pande zote nne na moja ya kukatiza katikati. Gundi nyeupe kwanza, misumari midogo baadaye.

Rangi ya maji juu ya glosi haina pa kushika. Uso wa glosi ni kama kioo. Mafuta unaweza kuyaweka juu ya maji yaliyokauka vizuri, kinyume chake hapana. Kama lazima urekebishe, rekebisha kwa glosi, na kabla yake sugua kwa msasa namba 220 mpaka mng'ao wote uishe.

Wino wa maka unayeyuka ndani ya rangi mbichi na kupanda nayo juu. Ukiongeza mkono wa tatu utapanda tena. Hapo dawa ni kukwangua mpaka mstari uishe kabisa, halafu upake upya. Siku nyingine chora kwa chaki au penseli iliyobonyezwa kidogo tu.

Kwa mabango ya nje ya hadibodi, mimi naona uende na mafuta mwanzo hadi mwisho: andakoti ya mafuta (rangi ya kutangulizia), kisha glosi. Hata uchoraji wa Tingatinga uliota hapo hapo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za glosi, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Ni vitu vya duka la kawaida la vifaa, na vikipangwa vizuri vinadumu.

Hesabu yako iko hivi. Hadibodi nzima ni futi 4 kwa 8, inatoa vipande 4, kwa hiyo nunua 2. Kila kipande kina mita ya mraba 0.74, vinane ni karibu 6 kwa uso mmoja. Lita moja ya rangi hufunika takriban mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Andakoti pande zote mbili ni mita 12, pamoja na kingo: chukua lita 1 na nusu. Glosi ya rangi ya chini, mikono miwili mbele, ni mita 12 nyingine: lita 1 na nusu tena, na itakayobaki ipake nyuma. Nyeusi, nyeupe, nyekundu na bluu, nusu lita kila moja inatosha na kubaki.

Tapentaini tia kidogo sana, kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa kila kikombe cha chai cha rangi. Ukizidisha rangi inachuruzika, na ikikauka unaona ubao chini yake. Usizimue kwa mafuta ya taa. Hayo ni ya kuoshea brashi tu. Ndani ya rangi yanachelewesha kukauka na kuacha uso unaonata siku nzima.

Sasa herufi, na hapa naomba usome taratibu kwa sababu ndipo mabango mengi ya mkono yanapoharibikia. Nafasi kati ya herufi haipimwi kwa rula. Inapimwa kwa jicho. Fikiria unamimina mchanga kati ya kila herufi mbili kuanzia juu hadi chini: mchanga uwe kiasi kilekile kila mahali. Kati ya W na A, na kati ya A na V, kuta zimelala upande mmoja kama ngazi mbili zilizoegeshwa sambamba. Ukiacha sentimita 2 kutoka ncha hadi ncha, shimo halisi linakuwa sentimita 5 na zaidi. Kwa herufi zako za sentimita 14, mguu wa A unatakiwa uingie chini ya mkono wa W kwa karibu sentimita 2, na V imfuate A vivyo hivyo. V na U, U na V, V na I, waache nusu sentimita tu pale juu, maana chini kuna pembe tupu.

Tazama hiyo inakupa nini. W ikiwa na upana wa sentimita 10, A na kila V 8, U 7.5, na I 2.5, herufi peke yake ni 44. Kwa nafasi zako za rula neno linafika 54, na ukiacha sentimita 5 kila upande una 51 tu. Ndiyo maana limegusa kingo. Ukipanga kwa jicho neno linashuka hadi kama 41.5. Basi unaweza kulikuza mpaka herufi zifike sentimita 17 na bado likae ndani. Neno lilelile, ubao uleule, herufi kubwa zaidi.

Unene wa mstari uwe sehemu moja ya sita ya urefu, yaani sentimita 2.8 hivi. Hapo brashi bapa ya nchi 1 inakwenda mara moja bila kurudia, na mstari wa mpigo mmoja una uhai ambao mstari uliojazwa jazwa hauna. Shika fimbo kwa mkono wa kushoto, ncha yake ifunge kitambaa na uiegemeze ubaoni, mkono wa brashi ulale juu yake. Mkono hautetemeki na haufuti kazi iliyo chini.

Kaki_na_Mkaa

Kwa hayo manane yanayofanana, usikate stensili ya bango zima. Stensili ni nzuri kwa namba na maneno madogo, lakini picha kubwa inakuwa na madaraja madaraja, yaani vipande vya kushikilia visivyoingia rangi, na inaua ule mkono mnaoutafuta. Tumia karatasi ya matundu.

Chora kwanza kidogo, sentimita 15 kwa 30, yaani robo ya upana na robo ya urefu wa bango. Pigia miraba ya sentimita 2.5. Unganisha karatasi za kaki zifike ukubwa kamili, pigia miraba ya sentimita 10, hamisha mraba kwa mraba. Hapo ndipo pa kurekebisha kila kitu, pua, tanga, nafasi za herufi, kwa sababu kaki ni rahisi na ubao una gharama. Ibandike ukutani, rudi nyuma mita 15, iangalie. Ukiona kosa kwenye kaki umeliepusha mara nane.

Mistari ikikuridhisha, tandika kaki juu ya blanketi lililokunjwa na uitoboe kwa kuifuata. Sindano ichomeke kwenye gunzi la hindi, vidole visiumie. Kwenye mikunjo matundu yapishane milimita 3, kwenye mistari iliyonyooka hata 6 yanatosha. Ukimaliza pindua kaki na usugue mgongo wake kidogo kwa msasa, maana sindano inaacha vijidomo vinavyoziba matundu. Watu wengi huruka hatua hii kisha wakashangaa mkaa haupiti.

Mkaa saga uwe unga, uchekeche, utie ndani ya soksi kuukuu na ufunge. Kaki ikiwa juu ya ubao, gonga gonga kwa soksi kufuata mistari. Usisugue, ukisugua unapata wingu badala ya nukta. Juu ya rangi nyeusi au bluu tumia unga wa chaki. Unganisha nukta kwa penseli, kisha pangusa unga wote kwa brashi kavu kabla hujafungua kopo, la sivyo nyeupe yako itakuwa ya kijivu kuanzia bango la kwanza.

Ili kaki ikae palepale kila mara, gongomelea vijiti viwili mezani kama kizuizi, kimoja chini na kimoja kushoto, ubao uusukume kwenye kona hiyo, na kaki uipange na kona ileile.

Halafu paka kwa rangi, usipake kwa bango. Bluu yote kwenye mabango yote manane, kesho nyekundu yote, kesho kutwa nyeusi. Sababu ni mbili. Glosi inataka saa 16 hadi 24 kabla ya kupakiwa juu yake, kwa hiyo wakati bango la nane linamalizika la kwanza bado bichi, na ukilazimisha, rangi zinachanganyika. Ya pili, rangi uliyochanganya mwenyewe, kwa mfano kijani cha ziwa, huwezi kuirudia sawasawa hata ukihesabu vijiko. Changanya ya manane mara moja kwenye kopo moja, funika kwa nailoni iliyogusa uso wa rangi isifanye utando.

Kwa mpango huo una siku 2 za andakoti, 2 za rangi ya chini, 4 za picha na herufi. Katika wiki tatu unabaki na siku za akiba za kutosha hata mvua ikinyesha.

Siti_ya_Dirishani

Nimesoma mafundi wameongea juu ya rangi, niseme juu ya msomaji.

Kanuni ya waandika mabango: kila sentimita 2.5 za urefu wa herufi zinasomeka kwa raha umbali wa mita 3. Kwa macho mazuri na rangi zinazoachana inafika mita 10 na kuzidi kidogo, lakini usipange kwa hiyo. Herufi zako za sentimita 17 ni za mita 20. Daladala inayokwenda kilomita 40 kwa saa inakata mita 11 kila sekunde. Abiria ana sekunde mbili. Katika sekunde mbili anachukua jina la mchezo, picha moja na siku. Basi.

Kwa hiyo mabango yasilingane yote kwa maneno, hata kama picha ni moja. Ya barabara ya Nyerere kuelekea Buzuruga na Igoma yabebe WAVUVI, Jumamosi, mahali. Ya sehemu ambazo watu wanasimama, kama foleni ya kivuko cha Kamanga au stendi ya Nyegezi, yanaweza kubeba pia kiingilio, namba ya simu na majina ya waigizaji, kwa herufi za sentimita 3 au 4, kwa kuwa msomaji yupo mita tatu na hana haraka.

Saa iandike kwa ukamilifu: "saa 12 jioni". Ukiandika 12:00 peke yake, mgeni anayehesabu saa kwa kizungu atakuja mchana akute mlango umefungwa. Ukipenda ongeza 18:00 pembeni kwa herufi ndogo. Na kabla ya kugusa brashi, angalia kwenye kalenda kama siku na tarehe vinakubaliana. Kosa hilo likiingia kwenye kaki linatoka mara nane.

Tarehe isipakwe kwenye ubao wenyewe. Maigizo huahirishwa. Kata kipande cha hadibodi sentimita 15 kwa 51, kipake rangi yake, kifunge chini ya bango kwa skrubu nne. Tarehe ikibadilika unabadilisha kipande tu, na onyesho likirudiwa miezi mitatu baadaye bango lako bado ni zima.

Kuhusu kupachika: hifadhi za barabara kuu ziko chini ya TANROADS, za mitaa chini ya TARURA, na halmashauri nayo ina utaratibu wake wa mabango. Njia nyepesi ni kuomba wenye maduka na vibanda wakuruhusu kuyafunga kwenye kuta zao. Nguzo za umeme usiziguse, na misumari kwenye miti usipige. Na tafadhali sana, mawe yetu ya vilimani yaacheni. Rangi ya glosi juu ya jiwe haitoki, na jiwe lenye tangazo la onyesho lililokwisha linaudhi mlima mzima.

Mama_Marekani

Hilo la mlangoni usilifanye kwa ubao, mwanangu, litakuwa zito na halibebeki kwenye bodaboda. Chukua kitambaa cha marekani, shona vipande vifike mita 2 kwa 3. Upindo wa juu na wa chini uwe mpana, upitishe fito au bomba jembamba.

Kitambaa kwanza kifue kwa maji ya moto, kisinywee baadaye na kukunja picha. Kivute kwenye fremu au ukuta wa mbao, misumari ianzie katikati ya kila upande kwenda kwenye kona. Ukianzia kona utapata mawimbi ambayo hayaondoki. Kisha paka gundi nyeupe iliyozimuliwa, sehemu 1 ya gundi kwa 4 za maji. Kikikauka kinakaza kama ngoma na hakinywi rangi ovyo. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji tenga lita 1 kwa hizo mita za mraba 6, kwa kuwa kitambaa kinakula karibu mara mbili ya ubao. Wa pili nusu lita na kidogo.

Kwenye kitambaa usitumie glosi. Ikikauka inakuwa ngumu, na siku ya kukunja inapasuka. Rangi ya maji ya nje ndiyo yake, na usiizimue zaidi ya kikombe 1 cha maji kwa vikombe 10 vya rangi, ukizidisha inabaki unga unaotoka kwa kiganja. Kuhifadhi, livingirishe, usilikunje, na uso wenye rangi uwe nje.

Halafu kuna ziwa. Mchana upepo unatoka majini kuja nchi kavu, na alasiri unakuwa na nguvu na vumbi. Paka asubuhi. Ifikapo saa 9 alasiri weka brashi chini, kwa sababu glosi ikikutwa na umande bado mbichi inapoteza mng'ao, inakuwa na ukungu mweupe. Na usiku usiache rangi mbichi karibu na taa. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, wanafuata mwanga na kunasa wote. Wakishanasa usiwafute rangi ikiwa bado mbichi. Subiri rangi ikauke, pangusa kwa brashi kavu, miguu iliyobaki isugue kwa msasa 220.

Fundi_Herufi

Naunga mkono, ila niongeze kwa sababu naona mtu atashauri: usikate matundu ya nusu mwezi kwenye kitambaa kupitisha upepo. Yanapunguza msukumo kidogo mno na kila tundu ni mwanzo wa mpasuko, tena yanapita katikati ya picha. Bomba la chini likiwa na uzito wa kutosha, na kamba za kona zikiachiwa ulegevu mdogo, linatulia.

Pembezoni_Kirumba

Ahsanteni sana, Mama na wakuu. Kaki nimeshaanza. Mawili yamebaki: rangi ya chini nafikiria bluu ya ziwa, herufi nyekundu. Na kundi wanataka picha ya bango ya kutuma WhatsApp, ila kila nikipiga glosi inawaka mwanga.

Fundi_Herufi

Nyekundu juu ya bluu usiweke, mkuu. Zote mbili zina giza linalokaribiana, kwa mbali zinameza­na, na kwa karibu kingo zinatetemeka machoni. Piga picha ya rangi zako kwa simu, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe: herufi zikipotea kwenye kijivu, zitapotea barabarani. Bluu ibebe herufi nyeupe au manjano. Kama unapenda nyekundu, iweke kwenye tanga la mtumbwi, na uchague ile ya udongo inayopakwa kwenye mabati. Nyekundu nyingi kali zinapauka juani, hiyo haipauki. Manjano mkono mmoja hauzibi bluu: chini yake tanguliza nyeupe, iache ikauke siku nzima.

Kama utatumia selotepu ya karatasi kunyoosha kingo, ukishaibandika pitisha kwanza rangi ya chini, hiyo bluu, juu ya ukingo wa tepu. Itakayopenya itakuwa bluu juu ya bluu. Ikishakauka ndipo uweke manjano, na tepu uibandue manjano ikiwa bado bichi.

Siti_ya_Dirishani

Picha ipige kabla bango halijaenda barabarani. Ubao uuegemeze ukutani upande wa kivuli, mchana kweupe, wewe usimame mita 3 na uvute kwa simu (zoom) mara mbili badala ya kusogea, kona zisipinde. Simu iwe usawa wa katikati ya bango. Nyuma yako pasiwe na ukuta mweupe wala gari, vaa nguo nyeusi, maana kinachowaka kwenye glosi ni kile kilicho nyuma ya mpigaji. Na maneno ya sentimita 3 hayatasomeka kwenye simu, kwa hiyo kiingilio na namba viandikwe kwenye ujumbe chini ya picha.